UZI: Ndugu asiyeongea kwa mdomo, ubao wa picha, na wajibu wetu sisi tunaokaa naye (Tanga)

Mwl_Mikanjuni

Wakuu habari za jioni, na ninyi wa Tanga mjini hamjambo.

Nafundisha kitengo cha elimu maalumu hapa Tanga. Mzazi akishajua kwamba mwanawe hataongea kwa mdomo, au atachelewa sana, swali lake la kwanza huwa ni kifaa. Mwalimu, ile mashine ya kuongea inauzwa wapi? Bei gani? Tunaweza kuagiza kutoka Dar? Namwelewa. Ameona kwenye video mtu anagusa kioo, sauti inatoka. Lakini nimeona ukoo ukichangishana, kishikwambi kikanunuliwa, na baada ya muda kikageuka cha katuni, mtoto yuko palepale. Na nimeona mtoto mwenye karatasi moja tu ya picha iliyotiwa plastiki akimweleza mama yake jambo ambalo mama hakulitegemea kabisa. Kilichowatofautisha hao wawili ni watu wa nyumbani kwao.

Kitaalamu haya huitwa mawasiliano saidizi na mbadala, kwa kifupi AAC. Yanaanzia ishara za mikono na kutazama, yanapita kwenye kadi na vitabu vya picha, mbao za herufi, simu inayosoma ulichoandika, mpaka kompyuta inayofuata mboni ya jicho. Wanaoyahitaji ni wengi kuliko tunavyodhani. Takwimu za kimataifa za mtindio wa ubongo zinasema katika kila watoto wanne mmoja hazungumzi. Ongeza watoto wenye usonji, ongeza waliopata kiharusi, ongeza waliotolewa zoloto, yaani kisanduku cha sauti kooni, kwa saratani.

Langu kubwa ni hili: ubao ni wa watu wawili, na wewe unayeongea vizuri ndiye unayetakiwa kuanza kuutumia. Mtoto yeyote husikia maneno karibu mwaka mzima kabla hajatamka la kwanza, na hakuna anayemdai. Huyu wetu anapewa ubao Jumatatu, Jumanne ameshaanza kupewa mtihani: "Haya, onyesha maji! Maji yako wapi?" Hajawahi kumwona mtu hata mmoja akiongea kwa ubao, atajua vipi? Kwa hiyo unapomwambia "twende sokoni", mdomo unasema na kidole chako kinagusa TWENDE, kinagusa SOKO, mnaendelea na safari. Usimwambie arudie. Ukipika, gusa MOTO. Ukichoka, gusa NIMECHOKA. Fanya hivyo hata asipokutazama.

La pili ni maneno yaliyomo. Mbao nyingi ninazoletewa zina maji, chakula, choo, dawa, kulala. Kwa ubao huo mtu ataweza kuhudumiwa, lakini hawezi kukataa, hawezi kuuliza, hawezi kulalamika wala kutania. Watafiti waliohesabu maneno ya mazungumzo ya kila siku wamekuta maneno mia chache tu yanabeba takriban asilimia 80 ya tunayosema, na mengi ni maneno ya kazi zote: taka, nenda, tena, hapa, yangu, nini, basi. Hayo ndiyo yaanze. Na SITAKI iwe mahali pa kuonekana kwa urahisi, kubwa kama NATAKA.

Nitajibu maswali kadiri ninavyoweza. Wenye uzoefu karibuni sana, hasa wanaotumia wenyewe.


Mama_Makorora

Mwalimu asante kwa uzi. Mwanangu wa kiume ana miaka sita, ana mtindio wa ubongo, anasikia kila kitu na anacheka pale pa kuchekwa. Sauti anatoa lakini maneno hayaeleweki. Nilianza kumchorea picha, shangazi yake akanikataza, akasema nikimzoesha picha atakuwa mvivu wa kuongea, ulimi utalala. Na kuna mtu mmoja wa afya naye aliniambia hivyo hivyo. Nikaacha. Je, ni kweli?


Mwl_Mikanjuni

Mama, hofu hiyo ni ya zamani na ipo dunia nzima, kwa hiyo shangazi usimlaumu. Lakini imechunguzwa. Mwaka 2006 Diane Millar, Janice Light na Ralf Schlosser walikusanya tafiti zilizokuwepo za watu wenye ulemavu wa ukuaji waliopewa njia hizi, wakachuja zile zenye ushahidi mzuri, wakabaki na watu 27. Hakuna hata mmoja ambaye usemi wake ulipungua. Asilimia 89 usemi uliongezeka, japo kwa wengi kidogo, na waliobaki haukubadilika. Picha hazikuwaziba mdomo.

Na ukifikiri, kuongea kwa mdomo ni rahisi na haraka kwa anayeweza. Mtoto mwenye sauti ya kuita "mama" hawezi kuiacha atafute picha ya mama. Atatumia picha pale sauti inapogoma. Sauti zake ziitikie, usizipuuze kwa sababu sasa kuna ubao. Akisema "ma" huku anatazama mtungi, wewe gusa MAJI, sema "maji, unataka maji", mpe. Vyote viende pamoja.

Rudia kuchora mama. Anza leo.


Mzee_Pongwe

Wanangu, mimi ni mtu mzima. Zamani watoto wa namna hii walikuwepo na tuliishi nao vizuri, bibi zao waliwaelewa kwa macho tu. Hakukuwa na picha. Mama yake anamjua mwanawe, ya nini kumbebesha makaratasi?


Mwl_Mikanjuni

Shikamoo mzee wangu.

Ni kweli, na hilo la bibi kuelewa macho ni elimu kubwa, wengine hatuifikii. Shida inakuja bibi akifariki, au mtoto akilazwa hospitali ya Bombo na bibi hakuruhusiwa kulala naye. Aliyemjua macho hayupo, nesi hajui, na mtoto anaumwa tumbo hana wa kumwambia. Jambo lingine zito zaidi, mzee wangu, nisamehe kulitaja: mtoto asiyeweza kusema aliyemgusa vibaya huonewa kirahisi, kwa sababu mkosaji anajua siri itabaki. Ndiyo maana kwenye mbao zetu nataka viungo vyote vya mwili viwepo kwa majina yake, na maneno kama AMENIUMIZA, NAOGOPA na NANI. Watu wanaona haya kuweka picha hizo. Wekeni.


Mzee_Pongwe

Marhaba mwalimu. Hilo la mwisho sikuwa nimelifikiria. Endelea kutufundisha.


Mtoto_wa_Chumbageni

Nimeweka kambi hapa. Mimi wangu ni baba. Alikuwa karani bandarini, mtu wa maneno mengi na magazeti. Alipata kiharusi, mkono wa kulia umelegea, na sasa kinachotoka ni "ndiyo ndiyo" na neno moja la matusi ambalo hajawahi kulisema maisha yake yote, mama analia. "Ndiyo" anasema hata akimaanisha hapana. Majirani wanaongea naye kwa sauti kubwa kama kiziwi. Ubao wa picha za watoto alioletewa aliutupa chini.


Mwl_Mikanjuni

Pole sana ndugu yangu. Hiyo inaitwa afasia, huwapata kama theluthi moja ya watu waliopona kiharusi, mara nyingi kikiwa kimepiga upande wa kushoto wa ubongo. Maneno yake yamefungiwa lakini baba yako yumo. Matusi na maneno ya mazoea huchomoka yenyewe kwa watu wengi wa hali hii, mwambie mama asilie kwa hilo, si tabia mpya.

Mimi ni mtu wa watoto, lakini haya nimejifunza kwa wataalamu na yanafaa:

Kwanza mtengenezee NDIYO na HAPANA zisizotegemea ulimi. Kadi mbili, au dole gumba juu na chini. Na uhakikishe kwa kuuliza upande wa pili: "Unataka kutoka nje?" halafu baadaye kidogo "Unataka kubaki ndani?" Akijibu ndiyo kwa yote mawili, bado hujapata jibu, usikimbilie kufanya.

Pili, wakati unaongea naye andika. Daftari kubwa na kalamu nene. Unauliza "mjomba aje lini?" huku unaandika ALHAMISI, IJUMAA, JUMAMOSI kwa kushuka chini, yeye anagusa. Watu wengi wenye afasia wanatambua neno lililoandikwa hata kama hawawezi kulitamka. Kalenda, ramani ya Tanga, saa ya ukutani, picha za familia zenye majina, vyote hivyo ni ubao kwa mtu mzima. Picha za katuni za dubu na mpira zinamvunjia heshima, alikuwa na haki ya kuzitupa.

Tatu, mpe ya kusimulia. Baba alikuwa shabiki wa nini?


Mtoto_wa_Chumbageni

Coastal Union damu. Mpaka kesho anajua kikosi kilichochukua ubingwa 1988.


Mwl_Mikanjuni

Basi umeshapata mlango. Tafuta picha ya kikosi, andika majina anayoyapenda pembeni, 1988 kwa tarakimu kubwa, orodha ya timu, na maneno NZURI, MBAYA, ALIKOSEA, BAO. Mkaribishe rafiki yake wa zamani wa barazani, umweleze kabla kwamba atulie, aulize, asubiri. Mtaona mzee wa maneno mengi alivyo bado.


Pangani_Yetu

Nimesoma yote. Mwalimu umeomba wanaotumia wenyewe. Mimi natumia. Nina mtindio wa ubongo, nimemaliza kidato cha nne, naandika hapa kwa kidole kimoja cha kushoto na barazani naongea kwa simu: naandika, inasoma. Nikiwa sina simu nina ubao wa herufi. Huu ujumbe nimeuandika kwa kutwa nzima, kwa hiyo nisomeni polepole.

Nikienda dukani na mdogo wangu, muuzaji humuuliza yeye: "Anataka nini huyu?" Mimi niko mbele yake na pesa iko mkononi mwangu. Mdogo wangu nimemfundisha anyamaze na anitazame mimi. Hilo tu. Akinitazama mimi, muuzaji naye hugeuza macho. Ninyi mnaosindikiza watu, hiyo ndiyo kazi kubwa mnayoweza kutufanyia, kuliko kutusemea.

Barazani ni pagumu zaidi. Kahawa inamiminwa, watu wanabishana mpira na siasa, mimi naandika neno langu. Nikimaliza, wameshahama, wako kwenye bei ya mkonge. Nikibonyeza sauti itoke, inakuwa kama mtu aliyeropoka. Kuna rafiki yangu mmoja, akiniona nimeinamia simu anainua kiganja na kusema "ngojeni, anaandika". Baraza zima linasubiri. Hakufundishwa na mtu. Tangu aanze hivyo watu wananiuliza maoni, na siku nyingine wananikasirikia kwa nilichosema. Nafurahi wanavyonikasirikia, kwa sababu maana yake wamenisikia.

Kumalizia sentensi yangu: wengine wanapenda, wengine hawapendi. Mimi napenda kwa watu wa nyumbani, sipendi kwa mgeni. Niulize mara moja, "nikubahatishie au nisubiri?", nitakwambia, na usiniulize tena kila siku.

Msiniulize maswali ya ndiyo na hapana tu. Umekula? Umelala vizuri? Unajisikia vizuri? Nina miaka thelathini na kitu. Niulize naonaje, kwa nini, ingekuwaje. Halafu kaa.

Na la mwisho, hili linaniuma. Nikiwa mtoto, kwenye kituo kimoja nilichopitia, nikikosea walikuwa wanachukua ubao wangu wa herufi na kuuweka juu ya kabati mpaka jioni. Mtoto mwingine akikosea hawamfungi mdomo kwa kitambaa. Ubao wa mtu usiguswe kama adhabu, usifungiwe mtoto akiwa "msumbufu", usiachwe nyumbani kwa sababu mnakwenda harusini na utachafuka. Harusini ndiko watu waliko.


Mama_Makorora

Kaka yangu nimesoma mara mbili. Asante. Nitamsomea baba watoto.


Mtoto_wa_Chumbageni

Pangani_Yetu, hilo la kiganja nalichukua kama lilivyo. Leo hii.


Kopi_na_Plastiki

Mimi nina stesheneri Ngamiani, watu wananiletea hizi kadi kwa hiyo nichangie upande wa ufundi.

Usiprinti picha ndogo ndogo nyingi kwa kubana pesa. Mtoto wa mtindio mkono unatetemeka, kisanduku kimoja kiwe upana wa kiganja chake au zaidi, hata kama ukurasa utabeba visanduku sita tu. Rangi ya kadi ukiacha bila plastiki, unyevunyevu wa hapa pwani na mate ya mtoto vitaimaliza mapema mno. Kulaminisha ni lazima, na acha ukingo wa plastiki pembeni pande zote, ukikata hadi kwenye karatasi maji yanaingia. Plastiki inayong'aa inarudisha mwanga wa jua, mtoto akikaa nje haoni kitu, kwa hiyo ukipata isiyong'aa chukua hiyo, au ukalishe ubao kwa kuulaza kidogo. Toboa pembe, tia pete ya chuma, kitabu kinafunguka chote. Kopi ya pili iache kwangu kwenye kompyuta, ikipotea nakutolea nyingine siku hiyo hiyo.

Picha mnazitoa wapi? Wengi wanapakua za ovyo, kila moja na mtindo wake.


Mwl_Mikanjuni

Fundi umesaidia sana. Kuhusu picha, kuna ARASAAC, mkusanyo wa bure wa maelfu ya picha za aina hii unaogharamiwa na serikali ya jimbo la Aragon, Hispania. Unaruhusiwa kuprinti na kugawa alimradi hufanyi biashara na unawataja. Zote zina mchoro wa mtindo mmoja, hilo linamsaidia mtoto. Kwa vitendo na hisia zinatosha. Kwa vitu vya kwetu piga picha mwenyewe kwa simu: ugali wa nyumbani kwenu kwenye sahani yenu, bajaji, madrasa, mihogo ya kukaanga, baiskeli ya baba, bibi mwenyewe. Mandhari ya nyuma iwe wazi, tandika kanga isiyo na maua mengi au shuka.

Na neno likishakaa mahali, lisihamishwe. Ukiongeza kurasa, NATAKA, SITAKI, TENA, BASI, NISAIDIE vibaki kwenye pembe zilezile kila ukurasa. Mkono hukariri njia. Wewe mwenyewe unaandika ujumbe bila kutafuta herufi iko wapi, ukihamishiwa utachanganyikiwa.

Acha kisanduku kimoja kiandikwe NENO NINALOTAKA HALIPO HAPA. Mtoto akikigusa ujue ubao wako umepungukiwa, na kwamba yeye ana zaidi ya ulichomwekea.


Nesi_wa_Zamu

Niongezee upande wa wodini. Mgonjwa mwenye mrija wa kupumulia kooni anakuwa na akili zake lakini sauti haiwezi kutoka, maana hewa haipiti kwenye nyuzi za sauti. Anahangaika, watu wanadhani kachanganyikiwa, wakati mwingine anafungwa mikono. Karatasi moja tu kitandani inapunguza hilo: NINA MAUMIVU na mchoro wa mwili, NINA KIU, SIPUMUI VIZURI, NIGEUZE, NIITIE NDUGU YANGU, NINAOGOPA, SAA NGAPI, na herufi chini. Asiyeweza kunyoosha kidole, wewe pitisha kidole chako na yeye akonyeze ukifika. Stephen Hawking mwenyewe, alipotobolewa koo mwaka 1985 akapoteza sauti, kabla hajapata kompyuta alikuwa anainua nyusi mtu akigusa herufi sahihi kwenye kadi. Kadi ya herufi, jamani. Hakuna wodi hapa isiyoweza kuwa nayo.


Mwl_Mikanjuni

Nesi umegusa jambo ninalolipenda. Kwa anayejua kusoma, mbao za herufi zilizokopiwa kutoka nje zinamchosha bure, zina Q na X ambazo Kiswahili hakizitumii, na zinapangwa A mpaka Z. Sisi tumefundishwa kusoma kwa silabi, ba be bi bo bu, na maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu. Nina kijana tunafanya hivi: konsonanti zimepangwa kwa mistari mifupi minne. Nauliza "mstari wa kwanza? wa pili?", anafumba jicho. Kisha konsonanti. Kisha irabu, ambazo ni vidole vyangu vitano, kidole gumba A, cha shahada E, mpaka kidole kidogo U. Silabi nzima inapatikana kwa mara tatu za kufumba. Akianza "sa" na "ma" nikauliza "samaki?", kwa sababu ameniruhusu kubahatisha. Anayeshindwa kufumba jicho aangalie juu, au agonge kidole.

Kwa anayetazama vizuri lakini mikono haifanyi kazi, kata dirisha katikati ya boksi gumu, bandika picha nne pembeni, kaa ng'ambo mtazamane kupitia dirishani. Utaona macho yake yameelekea kona ipi.


Simu_Janja_TA

Upande wa simu: Android nyingi zina kipengele cha kusoma maandishi kwa sauti na Kiswahili kimo, ingia kwenye mipangilio, pakua sauti ya Kiswahili mapema ukiwa na bando. Microsoft nao wana sauti mbili za Kiswahili cha Tanzania, Rehema na Daudi, nzuri sana, ila zinataka intaneti. Shule zilizopata vile vishikwambi vilivyotumika kwenye sensa ya 2022 zinaweza kutenga kimoja. Zima matangazo, ondoa michezo, kifaa cha kuongea kiwe cha kuongea tu. Na karatasi ibaki kwenye mkoba siku zote, umeme ukikatika mtu asikatike sauti.

Swali: nimeona video, mama anamshika mtoto mkono juu ya kibao na mtoto anaandika sentensi ndefu za ajabu. Hiyo ni sawa?


Mwl_Mikanjuni

Hapo nawaomba mnisikilize vizuri, kwa sababu inaumiza familia. Kumshika mtu mkono, kiwiko au bega wakati "anaandika" ilienea sana Marekani miaka ya 1990. Ilipimwa kwa njia rahisi: mwenye ulemavu akaonyeshwa picha moja, msaidizi akaonyeshwa nyingine bila kujua. Kilichoandikwa kilikuwa ni cha msaidizi. Wasaidizi hawakuwa waongo, mkono wao ulikuwa unaongoza bila wao kujua. Vyama vya wataalamu wa usemi vimeikataa, na chama cha kimataifa cha AAC nacho kikaikataa mwaka 2014.

Kumshika mtoto mkono mara moja kumwonyesha njia, kama unavyomshika anapojifunza kula, si hilo ninalolisema. Nasema maneno yanayotegemea mkono wa mtu mwingine kila siku si ya mtoto. Tafuta kiungo anachokimudu mwenyewe: jicho, kidole cha mguu, kichwa, kuguna. Hata kama kitampa neno moja kwa dakika, hilo neno litakuwa lake.


Msomi_wa_Sheria

Kwa ufupi, ili mzazi akienda ofisini asiende mikono mitupu: Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikapitishwa 2010. Mkataba, kwenye Ibara ya 2, unahesabu njia hizi kuwa mawasiliano kamili, sawa na usemi, na Ibara ya 21 inataka mtu aruhusiwe kuzitumia anaposhughulika na ofisi za umma. Kwa hiyo mtu akifika polisi au mahakamani na ubao wake, ubao ni wa kusikilizwa. Muhusisheni afisa ustawi wa jamii wa kata mapema, kabla ya tatizo.


Mama_Makorora

Nimerudi na habari. Nilichora upya, fundi wa Ngamiani amenitolea, ameniachia ukingo kama alivyosema. Nikawa nagusa tu, simuulizi. Siku nyingi kimya, anatazama dari. Shangazi yake akaanza naye kugusa, kwa kunijaribu nadhani. Juzi mjomba wake kaja, kambeba juu juu kama anavyofanya siku zote, watu wote tunacheka. Aliposhushwa mtoto akapeleka ngumi yake kwenye ubao, ikatua BASI. Mjomba akamnyanyua tena kwa mazoea, aliposhuka akapiga BASI tena, akamtazama mjomba usoni. Kumbe miaka yote hapendi. Tulidhani kile kilio ni cha furaha. Mjomba alikaa chini akamwomba radhi, na mtoto akagusa PICHA YA SAMAKI, maana mjomba ni mvuvi, sijui alitaka kusema nini lakini wamekaa pale muda mrefu.

Mwalimu, Januari anaanza shule. Nimwambie nini mwalimu wake? Darasa lina watoto wengi sana.


Mwl_Mikanjuni

Mama hongera, na mpongeze mjomba. Kumheshimu mtoto aliyesema BASI ndiko kutamfanya aseme la pili.

Kuhusu samaki, usimwache hapo. Nenda naye siku moja mapema wakati ngalawa zinapakua, upige picha za boti ya mjomba, wavu, bahari, kapu, uzitengenezee ukurasa wake. Inawezekana alikuwa anauliza habari za huko, na ukurasa huo ndio atakaousimulia shuleni.

Kwa mwalimu, usipeleke faili nene, hatapata nafasi ya kulisoma. Andika ukurasa mmoja, kwa nafsi ya mtoto: Naitwa fulani. Nasikia na naelewa, ongea nami kawaida. NDIYO yangu ni kutazama juu, HAPANA yangu ni kugeuza uso. Ukiniuliza, hesabu moyoni mpaka kumi kabla hujauliza tena au kumuuliza mwenzangu. Ubao wangu ukae mezani kwangu, na wakati wa mapumziko utoke nje na mimi. Napenda samaki, sipendi kubebwa ghafla. Nikigusa NENO HALIPO, nisaidie kulitafuta.

Mwombe pia dakika chache siku ya kwanza, watoto wa darasa wauone ubao na wauguse wao wenyewe, kila mmoja aseme jambo moja kwa ubao. Wakishaujua hawatauonea ajabu, na katika darasa la watoto wengi wao ndio watakaokuwa wasubiriaji wake wazuri.

Toa nakala tatu za ule ukurasa. Ya mwalimu, ya mama anayepika uji, na ya mlinzi wa getini. Ya mlinzi ifupishe, iwe na NDIYO, HAPANA, na jinsi anavyosema anataka mama.